Kitanda cha Wasabato

Mbita,
Novemba

Kwako Mama,

Naanza kwa kukushika mikono, yote miwili, kama ulivyonifundisha kuwasalimu wakubwa wa kwenu. Goti lako linaendeleaje? Mvua ilipoanza huku nilijisemea, sasa goti la Mama limeanza kulalamika. Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa? Na paa la jikoni, shemeji Chacha amelifunika au bado anasema kesho? Mimi ni mzima. Kikohozi cha Agosti kiliisha. Nimekonda kidogo usoni, lakini si kwa ugonjwa, ni kwa kukimbia nyuma ya wasichana.

Barua hii nimempa mama muuza wimbi, na nimemwomba aiweke mkononi mwa shemeji Chacha, si mwa Boke. Najua Boke ndiye hukusomea barua zangu, na najua anavyosoma, anameza mwisho wa kila mstari ili afike haraka kwenye salamu zake. Lakini barua hii inamhusu yeye. Ikipita mdomoni mwake utashindwa kunikatalia, na mimi nataka uwe na nafasi ya kunikatalia. Kwa hiyo, shemeji, ngoja kwanza Boke aende kisimani, ndipo umsomee Mama. Soma polepole.

Mama, neno lako lilinifikia. Mama muuza wimbi alishusha magunia yake hapa sokoni, na hata kabla ya kukaa chini akaniambia, "Mama mkwe wako amesema hivi: kama umerudi kwenu kwa watu wa Jumamosi, mtoto wa mwanangu Mwita mwache hapo alipo."

Nikamwuliza ni nani aliyekuletea habari hiyo.

"Ni mimi," akasema. "Na sikusema uongo. Nilikuona na haya macho yangu. Jumapili, watu wako misani, wewe uko ziwani na ndoo, na wale wasichana wa Sabato wanakufuata kama vifaranga."

Simlaumu. Alichokiona kilikuwepo kweli, hata angekuja Jumapili nyingine yoyote mwaka huu, ila hizi chache za karibuni, angekiona. Ila hajui kilitoka wapi. Ndicho ninachotaka kukueleza leo, halafu wewe ndiwe utakayesema.

Nilipopata kazi hii ya umatroni nilikwambia ni shule ya makanisa matatu, ya Wasabato, Wapentekoste na sisi Wakatoliki, ukacheka ukasema watagombana hata kabla ya kupaka chokaa. Waligombana kweli. Waligombana juu ya ngoma, juu ya rozari, juu ya nani aombe mwanzo na nani mwisho. Kilichowaleta pamoja ni wasichana. Hapa ufuoni msichana akifika darasa la tano anaanza kushika beseni la samaki, na mchana kuna vibanda vya video, na jioni muziki wa bendi, na mwaka unaofuata humwoni tena shuleni. Pasta wa Sabato alikuwa akilia juu ya hayo Jumamosi, Wapentekoste wanalia Jumapili, na Katekista analia Jumapili hiyo hiyo upande wa pili wa barabara. Mwalimu mkuu ndiye aliyewaambia, "Mbona nyinyi nyote mnahubiri hubiri moja? Jengeni bweni moja."

Wakajenga. Wakakubaliana kwamba yale wanayoyaamini wote yafundishwe mbele ya wote, na yale wasiyopatana kila kanisa lifundishe watoto wake kando. Sketi ndefu, hakuna hereni, hakuna disko, sala asubuhi na jioni, hayo ni ya wote. Saa ya dini ikifika wanagawanyika. Wasabato wanaenda darasa la nane, Wapentekoste darasa la saba na makofi yao, na sisi, kwa kuwa ni wachache, tumepewa jikoni. Katekista anafundisha sakramenti akiwa amekaa juu ya sufuria iliyopinduliwa. Wasichana wake wanatoka wananuka moshi, wenzao wanawaita watakatifu wa kukaushwa.

Chakula nacho kina sheria zake. Samaki asiye na magamba haingii sufuriani, kwa ajili ya Wasabato, basi kambare hatumjui. Ngege mwenye magamba yake tunampata mara moja moja, siku nyingi ni omena, dagaa wa ziwa hili. Kila nikiosha omena namkumbuka Mwita alivyokuwa akiwakata vichwa kimoja kimoja kwa kisu, mwanamume mzima, kwa sababu alisema wanamwangalia. Wewe ukamwambia, "Na wewe waangalie, wana macho madogo kuliko yako." Nimewasimulia wasichana, wakacheka mpaka sahani ikaanguka.

Sasa sikiliza habari ya maji. Maji tunachota ziwani, na ziwa hili siku hizi limefunikwa na gugu maji, mpaka ulisukume kwa fimbo ndipo upate mahali pa kutumbukiza ndoo. Chini ya gugu kuna nyoka, na viboko wanakuja karibu. Kwa hiyo makanisa yaliweka sheria kwamba msichana asiende ziwani bila matroni. Wakaweka na sheria nyingine nzuri sana. Jumamosi Wasabato wanapumzika, na wasichana wa Jumapili wanachota maji ya bweni zima. Jumapili sisi tunapumzika, na wasichana wa Sabato wanachota. Kila mmoja anabeba maji ya mwenzake. Wageni wakija tunawaonyesha jambo hilo, na wanalisifu.

Ila matroni ni mmoja, Mama. Jumamosi naenda ziwani na hawa, Jumapili naenda na wale. Kumbe hakuna aliyewahi kufikiria hilo, hata mimi mwenyewe sikulisema. Nilifurahi mikono ikiwa na kazi. Tangu tumzike Mwita, siku ambayo sina kazi ni ndefu sana kwangu, wewe unajua, uliniona nikifagia ua uliokwisha fagiwa. Misa nimeiona wakati wa likizo tu, shule ikiwa imefungwa. Siku nyingine nimesali nikikoroga uji. Kama hilo ni kosa nihukumu kwa hilo, lakini usinihukumu kwa kuhama.

Mambo yalitoka nje wiki tatu zilizopita, na yalitoka kwa sababu ya Boke. Mtoto wa mfanyakazi anaruhusiwa kusoma hapa bila karo, mradi apate kitanda bwenini. Chumba changu ni godoro na kabati la dawa tu, mtu wa pili hatoshei. Na vitanda, kila kanisa lilileta vyake. Nilikuwa nimekusudia kukuuliza wewe kwanza, ndipo niulize kamati. Lakini kamati hukaa mara moja tu kwa muhula, nikaona niulize kama kuna nafasi, nisije nikakusumbua juu ya kitu kisichokuwepo.

Walikuwa wamekaa darasa la nane. Alikuwepo mwalimu mkuu, Pasta Ouma wa Sabato na shemasi wao mama mzee anayeitwa Mama Akeyo, Katekista Odongo wa kwetu, na upande wa Wapentekoste alikuwepo mke wa mchungaji, sisi tunamwita Mama Pasta. Mwalimu mkuu akasema, "Hakuna shida, mtoto wa matroni aje. Tunauliza tu, atalala kwenye vitanda vya nani? Matroni ni wa kanisa lipi?"

Pasta Ouma akamgeukia Katekista. "Si ni wako huyu?"

"Wangu? Mimi nilijua ni wenu. Kwao ni Rusinga, ukoo mzima ni Sabato. Mjomba wake si alikuwa mzee wa kanisa lenu?"

"Basi Jumamosi angekuwa kwetu. Sijamwona hata siku moja."

Wote wakamtazama Mama Pasta. Akainua mikono. "Msiniangalie mimi! Mimi nilidhani mnagawana."

Mama Akeyo haoni vizuri siku hizi. Akaniita nikae karibu naye, akanishika kifundo cha mkono, akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, Jumamosi unakuwa wapi?"

"Ziwani, Mama. Na wasichana wa Jumapili."

"Na Jumapili?"

"Ziwani. Na wa Jumamosi."

Mama Pasta ndiye aliyeanza kucheka, tukacheka sote, mpaka Katekista akafuta macho na kofia yake. Halafu kicheko kikaisha. Pasta Ouma ni mtu mkali kidogo, sikuwahi kumsikia akisema samahani. Siku hiyo alisema. Alisema, "Tumefundisha watoto mwaka mzima amri ya kupumzika, na huyu anayewachunga tumemsahau kama punda."

"Punda hupumzishwa," Mama Akeyo akasema.

Basi wakaanza kunipa siku. Mama, ungekuwepo ungecheka. Pasta Ouma anasema nipewe Jumamosi kwa kuwa nimezaliwa ndani yake. Katekista anasema Jumapili kwa kuwa nimeolewa ndani yake. Wakavutana juu yangu kama watu wanaonunua mbuzi, mwisho Mama Pasta akasema, "Mpeni zote mbili mnyamaze. Jumamosi nitawapeleka wasichana ziwani mimi, Jumapili atawapeleka mke wa Pasta Ouma. Sisi wake za wachungaji mnatuona tunakaa tu." Sasa wasichana wananiambia mimi ndiye Mkristo pekee Mbita nzima mwenye siku mbili za Bwana.

Lakini kitanda kilikuwa bado. Vitanda vyetu Wakatoliki vimejaa, hata kuna wasichana wawili wanaolala mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Vya Wapentekoste vimejaa. Pasta Ouma akasema, na alisema kwa wema, "Kwetu kuna kitanda kimoja wazi. Mtoto aandikwe upande wetu, Januari aingie. Mama yake ni damu yetu, hakuna atakayeuliza."

Nitakwambia ukweli, Mama. Nilitamani. Sijamwona Boke tangu Agosti. Jino lake la pembeni lilikuwa linaota juu ya lingine, sijui limefikia wapi. Ningeitikia tu, Januari ningemwamsha kwa mkono wangu mwenyewe. Na nisingekuwa nimesema uongo juu yangu mimi, maana nililelewa Sabato.

Lakini nilikumbuka siku ile Fadha alipombatiza, ulivyomshika wewe, Mwita akiwa amesimama nyuma yako na kofia mkononi hajui aiweke wapi. Na nilikumbuka ulilosema kaburini, kwamba mwanao ameondoka lakini mtoto wake wewe utampeleka kanisani kwa mkono wako mpaka mguu ukatae. Neno hilo ulilisema mbele ya watu, na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikamwambia Pasta, "Asante sana. Lakini mtoto huyu ni wa kanisa la baba yake na nyanya yake. Sina ruhusa ya kumwandika kwingine, hata kwetu nilikozaliwa."

Pasta Ouma akasema anaelewa, lakini basi kitanda hawezi kukitoa, washiriki wake walichanga wakijua ni kwa watoto wao. Alikuwa na haki. Nilianza kuinuka.

Mama Akeyo hakuniachia mkono. Akasema, "Ouma, kile kitanda cha karibu na dirisha, mbao zake zilitoka wapi?"

"Kwako, Mama."

"Mti wangu wa nyuma ya nyumba. Sasa niambie, kitanda kinasali siku gani?"

Pasta akamtazama mwalimu mkuu.

"Nauliza, kwa sababu nilipoutoa ule mti nilisema ni wa mtoto wa kike asome. Sikusema asali lini. Wewe ndiye uliyeongeza."

"Mama, wengine watasema tumeanza kulea Wakatoliki."

"Waje waniambie mimi. Ninakaa hapo njiani, wanapajua."

Pasta akauliza tena, sasa kwa sauti ya mtu anayetafuta mahali pa kushuka, "Na Jumamosi, mtoto huyu akiwa juu ya kitanda chetu, atakuwa anafanya nini?"

"Atachota maji ya wasichana wetu, kama wenzake wa Jumapili," Mama Akeyo akasema. "Na Jumapili wetu watamchotea yeye. Si ndiyo sheria mnayoonyesha wageni?"

Katekista akasema jikoni kwake bado kuna sufuria moja ya kukalia. Wakacheka, na Pasta Ouma naye akacheka. Ikapita. Kitanda cha Wasabato kitalaliwa na mtoto wa Kikatoliki mpaka amalize darasa la nane, na kanisa letu likipata mbao litawatengenezea kingine.

Kisha Pasta akaniuliza, "Basi anakuja lini?"

Nikamwambia, "Nyanya yake bado hajasema."

"Kwani si wewe ndiye mama yake?"

"Ni mimi. Lakini ng'ombe wa kina Mwita walitembea kutoka Ntimaru mpaka Rusinga, na baba yangu aliwapokea. Na zaidi ya ng'ombe, nyanya yake ndiye anayelala naye sasa hivi. Nikimtoa mtoto pale bila neno lake, nitakuwa nimemfiwisha mara ya pili."



Sasa kuna jambo moja sitakuficha, ili ukikubali ukubali ukijua yote. Siku hizi mbili nilizopewa nazitumia zote. Jumapili naenda misa hapa Mbita, nakaa kiti cha nyuma upande wa wanawake. Na Jumamosi navuka kwenda Rusinga, namshika mama yangu mkono nampeleka kanisani kwake, kwa sababu macho yake yamekwisha na njia ina mawe. Nakaa naye mpaka mwisho. Nyimbo zao nazijua tangu tumboni na ninaziimba. Sijahama, Mama. Ni mama yangu, na ana siku yake, kama wewe ulivyo na yako. Wewe ndiye ulinifundisha kwamba inawezekana. Mwaka ule wa kwanza, Kiswahili chetu kikiwa bado cha kuonyeshana vidole, Jumamosi asubuhi nilichukua mtungi niende kisimani, ukaninyang'anya ukaenda mwenyewe. Majirani wakakucheka kwamba mkwe amekufanya mtumishi. Ukawajibu kwa Kikuria, na Mwita akanitafsiria: umesema huyu Mjaluo wako akipumzika Jumamosi, Jumatatu analima mara mbili. Haikuwa kweli, nilikuwa nalima vibaya sana. Lakini sijasahau.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Niruhusu Boke aje Januari aanze darasa la saba. Atabaki Mkatoliki. Katekista ameahidi kumfundisha mwenyewe, na komunyo atapokelea huko kwenu, mbele yako, si hapa. Likizo zote tatu atakuwa kwako. Ukikubali, tafadhali mlete wewe mwenyewe kama goti litaruhusu, uone mahali atakapolala, ukae Jumamosi na Jumapili uone kila kitu kwa macho yako. Mama Akeyo amesema utalala kwake. Ameniuliza kama unakula ngege, nikamwambia unakula bila kuogopa macho.

Na ukisema abaki, atabaki. Sitatuma mtu wa kukusihi, wala sitakuja kumchukua. Kitanda kitapewa msichana mwingine, wapo wengi wanaongoja. Mimi nitakuja Desemba kama kawaida, nitafunika lile paa kama shemeji bado anasema kesho, nami nitakuwa mkwe wako vile vile.

Nisalimie shemeji Chacha, na asante kwa kunisomea, najua herufi zangu zimelala. Msalimie mke wake, mwambie kitambaa alichoagiza nimekipata, ni cha buluu. Msalimie wifi yangu aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, akija sokoni. Msalimie katekista wa hapo, na yule jirani mwenye mbuzi wasiosikia. Ukienda kaburini kupalilia, uniondolee na mimi nyasi za upande wa miguu, huko ndiko zinakoota haraka.

Boke mwambie tu kwamba mama amemsalimu na amefurahi kusikia amekuwa wa tatu darasani. Mengine ni yako kumwambia au kutomwambia.

Jana mwalimu mkuu alipita bwenini, akakiona kile kitanda cha dirishani kiko mbao tupu. Akauliza mbona nimekiacha hivyo, godoro lipo stoo na shuka zipo. Nimemwambia sitakitandika mpaka nisikie kutoka Ntimaru.

Ni mimi, Mjaluo wako,
Mama Boke